Sifuri Niliyoitafuta Kwenye Mtelemko wa Kanyosha

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si mwepesi wa kukiri kosa, na marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba laiti kuchelewa kuomba radhi kungekuwa na hukumu, mimi ningefungwa maisha. Lakini mkasa wa Jumamosi tarehe 14 Septemba 2002 nimeukalia kimya muda wa kutosha. Nimeusikia ukisimuliwa mtaani Buyenzi kwa namna nne tofauti. Katika zote nne mimi ni mjinga, na katika moja hata nguo niliyovaa imebadilishwa rangi. Basi nausimulia mwenyewe. Nitabaki mjinga vilevile, ila angalau nitakuwa mjinga mwenye tarehe sahihi, aliyevaa kitenge chake cha buluu na si kile cha manjano wanachosema.

Chanzo ni gari. Mwanangu Yasini, anayefanya kazi kwenye yadi ya magari huko Dubai, alinitumia gari lililoshushwa bandarini Dar es Salaam na kunifikia Bujumbura Jumanne tarehe 8 Mei 2001. Halikuwa jeep ya kupanda milima, wala halikuwa gari dogo la taksi. Lilikuwa kitu cha katikati, limeinuka kiasi kama mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino, rangi ya fedha, viti vya ngozi, kiyoyozi kinachoweza kukuletea mafua mwezi wa tisa. Yasini mwenyewe alinishauri kwa simu: «Mama, uza. Hiyo ni gari ya watu wenye visima vya mafuta.» Sikuuza. Mjane wa dereva wa taksi, mwenye miaka hamsini na tatu, aliyezoea watu kumwambia «pole» hata asipougua, anapoletewa gari kama lile mbele ya mtaa mzima, hauzi.

Lakini kulimiliki ni jambo moja na kulilisha ni jambo jingine. Injini yake ilitaka buji sita za kuwashia moto pale ambapo magari ya wenzangu yalitaka nne, matairi yake mapana hayakupatikana sokoni hadi yaagizwe, na ilikataa kabisa esensi, yaani petroli, ile ya chupa inayovushwa mpakani Gatumba, iliyochanganywa na Mungu ndiye ajuaye nini. Ilitaka esensi safi ya sitesheni, na katika miaka ile ya vita sitesheni ilifunguliwa siku ikijisikia, ukapanga foleni tangu alfajiri ili uambiwe saa nne kwamba imekwisha. Na humu mjini, kwa kusimama na kuondoka, gari langu lilikunywa lita kumi na sita kwa kila kilomita mia.

Nilijuaje kwamba ni kumi na sita? Hapo ndipo shetani wangu alipokaa. Katikati ya dashibodi palikuwa na kioo kidogo kilichoandika, papo hapo ukiendesha, gari linakunywa lita ngapi. Mimi nilianza kusoma Jumatatu tarehe 3 Septemba 1984, nikiwa na miaka thelathini na sita, nimebanwa kwenye dawati moja na wasichana waliokuwa wakinong'ona kwamba magoti yangu yanagonga meza (yalikuwa yanagonga kweli), na mtu aliyejifunza namba ukubwani hawezi kuiona namba akaipita bila kuisalimia. Nikawa naendesha jicho moja barabarani na jingine kwenye kioo. Nikijitahidi, ilishuka kumi na nne. Nikizima kiyoyozi, kumi na mbili. Na nikifika mtelemkoni nikaweka gia huru na kuliacha gari liende lenyewe, ilishuka mpaka mbili, na mimi nikajisikia kama niliyefaulu mtihani wa taifa.

Ujanja huo wa mtelemko niliurithi. Marehemu mume wangu, Hamisi, aliendesha taksi miaka ishirini na sita, na hakuna dereva wa zamani wa Bujumbura asiyejua kwamba mji huu umejengwa ubavuni mwa milima ili watu wake wateremke bure. Hamisi akishuka kutoka juu alizima moto kabisa, akaliachia gari, akaimba. Nilikaa kando yake mara nyingi, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya udereva, hata kabla sijapata leseni (20 Novemba 2001, kwa jaribio la kwanza, tafadhali).

Sasa njoni harusini. Zaina ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu akiwa na miaka tisa, naye ananiita Mama Mkubwa. Ndoa yake na Idi, fundi cherehani wa Mutakura, ilikuwa imeahirishwa mara mbili: tarehe 22 Juni risasi zililia milimani juu ya Kanyosha na barabara ikafungwa, kisha tarehe 3 Agosti Idi akaangushwa na malaria siku mbili kabla. Ndipo bibi yake Idi, kizee asiyetania, akatuma neno: harusi inayokwama mara tatu ni harusi inayosema apana yenyewe, na ikikwama tena mahari irudi, kila mtoto abaki kwao. Halikuwa tishio tupu. Kizee yule alikwisha kuvunja uchumba mmoja katika ukoo wao kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo Jumamosi ile Zaina alitakiwa awe kwenye ofisi ya komini kabla ya saa sita kamili, wakati afisa wa ndoa anapofunga kitabu na kwenda kwake, ndipo baadaye twende msikitini.

Bi arusi alipambwa kwa bibi mzaa baba yake, Kanyosha ya juu, kwani desturi inataka atokee kwa upande wa baba. Aliyetumwa na upande wa Idi kuja kumchukua alikuwa baba yake mdogo, Mzee Bilali, fundi wa magari anayejulikana Buyenzi nzima kwa mikono mizuri na mdomo mbaya. Saa nne na nusu tulikuwa tayari: mbele pikapu ya mpiga video, kisha gari langu limefungwa riboni nyeupe na nyekundu, nyuma yangu magari matatu na basi dogo la akina mama. Mzee Bilali akaja dirishani kwangu na bidoni ya mafuta mkononi.

«Mama Yasini, hii ni lita tano. Tuimwange kabla hatujateremuka.»

«Nashukuru, Mzee Bilali, lakini gari lina mafuta ya kutosha kufika komini na kurudi.»

«Iko na mafuta? Mama, gari hii mi naijua. Ikipita karibu na sitesheni inapinda yenyewe, kama ng'ombe akiona maji!»

Akina mama wakacheka. Wangecheka wawili watatu ningenyamaza, lakini lilicheka basi zima, na ndani ya kicheko kile nikasikia sauti ikisema «mjane na anasa zake». Labda haikusemwa. Mimi niliisikia.

«Gari hili,» nikasema kwa sauti ya kusomesha, «likiendeshwa na mtu anayejua, halizidi lita kumi na moja kwa kilomita mia.»

«Kumi na moja! Mama, na hicho Kiswahili cha shule, hata pikapu yangu isiyo na milango haishuki hadi kumi na moja.»

«Utakaa mbele na utasoma mwenyewe kwenye kioo.»

«Mi ntasoma,» akasema akifungua mlango, «na we utasukuma.»

Akairudisha bidoni kwenye gari la nyuma. Uamuzi mdogo, mnaona: kusema «sawa, mimina», maneno mawili. Sikuyasema.

Hatukufika hata kwenye lami, taa ndogo ya njano ikawaka chini ya mshale wa mafuta. Nikaishusha ncha ya mtandio wangu juu yake.

«Mama, kuna kitu kimewaka pale.»

«Ni taa ya mapambo.»

(Naomba mkumbuke kwamba nilikuwa nikimdanganya fundi wa magari mwenye miaka arobaini kazini.)

Nikazima kiyoyozi ili namba ishuke. Vumbi la barabara likatulazimisha kufunga vioo. Ndani ya dakika tano gari la kifahari likawa tanuri la mkate, na kutoka kiti cha nyuma nikasikia sauti ya Zaina, ya upole kama kawaida yake: «Mama Mkubwa, wanja unateremka.»

«Vumilia mwanangu, tunakaribia.»

«Umefika kwenye mashavu.»

Hapo ndipo mtelemko mkubwa ulipoanza, ule mrefu unaoshuka kuelekea barabara ya mjini. Nikaweka gia huru. Namba ikaporomoka: tisa, tano, tatu, mbili nukta moja. Mzee Bilali akainamisha kichwa akasoma, akakuna kidevu, akasema, «Eh. Mbili.» Angeishia hapo. Lakini akaongeza: «Hiyo ni nzuri. Ila mbili si ziro. Marehemu Hamisi alikuwa anateremuka na ziro.»

Kwa nini alimtaja Hamisi? Nikazima moto. Nikaurudisha ufunguo hatua moja ili kioo kibaki kinawaka, kwa maana kuna faida gani ya sifuri isiyoonekana? Na ikatokea, nyeupe, imekamilika: 0.0. Nikamwambia, «Soma, Mzee Bilali.» Nadhani hayo yalikuwa maneno ya mwisho ya heshima niliyosema siku ile.

Kwa sababu magari ya Hamisi yalikuwa ya chuma na kamba, breki zake zilikuwa mguu wake mwenyewe. Lakini gari la kisasa la kifahari breki zake na usukani wake vinasaidiwa na injini, na injini ikilala navyo vinalala. Nilikanyaga mara ya kwanza likatii. Mara ya pili likatii shingo upande. Mara ya tatu pedali ikawa ngumu kama ubao, na usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, na kule chini, mwisho wa mtelemko, nikaiona foleni ya magari yanayosubiri esensi imejaa barabara nzima, madereva wamesimama nje wakipiga soga, mmoja ameketi juu ya bidoni yake akila ndizi.

«Mama, funga breki!»

«Haifungi!»

«Washa moto!»

Nikazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikatafuta mafuta, ikakosa, ikanyamaza. Mzee Bilali akatupa mkono katikati ya viti kutafuta breki ya mkono, akashika kitu, akakivuta kwa nguvu zake zote, na kikatoka: kilikuwa sanduku la karatasi laini za kujifutia. (Breki ya gari lile haiko mkononi, iko mguuni, upande wa kushoto kabisa. Mimi nilijua. Niliikumbuka jioni yake, nikitia wudhu.)

Nikalalia honi ili watu wakimbie. Na hapo desturi ikaja kumaliza kazi ambayo kiburi kilianza. Magari yaliyo nyuma yakasikia honi ndefu ya gari la bi arusi, yakafurahi, yakajibu. Basi likajibu. Nikaona upande wa kulia njia ya murram inayopanda kidogo, nikajitundika kwenye usukani na Mzee Bilali akajitundika pamoja nami, mikono minne, tukaupinda. Pikapu ya mpiga video ikaendelea moja kwa moja na barabara, mpiga video amesimama nyuma akipiga picha ya hewa. Na kwa kuwa kila mtu anajua kwamba gari la bi arusi halipitwi wala haliachwi, bali linafuatwa popote liendapo, msafara mzima ukapinda nyuma yangu kwa honi na taa za kuwaka na kuzima.

Mpando ukatupunguza mwendo. Mbele palikuwa na uwanja wa nyumba uliofunguliwa, hema limefungwa, watu wameketi kwenye mikeka. Tukaingia polepole kabisa, kwa kasi ya mtu anayetembea, tukapita juu ya kitu laini kilicholia kacha-kacha, tukagusa chungu ya mchanga, tukasimama. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nyuma yangu milango ya basi ikafunguliwa, na akina mama, waliodhani tumefika mahali pa kupumzisha bi arusi, wakashuka na vigelegele.

Ndipo nilipotazama. Wanaume waliokuwa mkekani walikuwa na kofia na juzuu mikononi. Kitu laini tulichopita juu yake kilikuwa viatu vyao, vilivyopangwa mlangoni, jozi kama thelathini. Ilikuwa khitma. Tulikuwa tumeingia na riboni, honi na vigelegele kwenye matanga ya siku ya tatu.

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa cha shangazi yake Zaina ambaye hasikii vizuri.

Shehe aliyekuwa akiongoza kisomo, mzee mwenye ndevu nyeupe, akafunga juzuu lake kwa utulivu, akasema: «Karibuni. Lakini naona mumekosea nyumba.»

Nilishuka. Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango: «Nani anapiga vigelegele kwangu?»

Nilijua kwa nini mwenye sauti hatoki: alikuwa kwenye eda. Mimi nilikaa eda yangu kuanzia Alhamisi tarehe 3 Juni 1999, miezi minne na siku kumi, ninazijua zile kuta. Na najua kwamba kama siku ya tatu mtu angeniletea honi za harusi mlangoni, ningemlaani hadi kizazi cha saba, kwa majina. Nikavua viatu vyangu, nikaviweka kando ya vile nilivyoviponda, nikaingia.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amevaa nyeupe, ameketi kwenye godoro chini. Jina lake Bi Sakina. Nikapiga magoti na, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, radhi ikatoka kabla sijaipanga: nikamweleza kila kitu, kioo, namba, taa ya njano, bidoni niliyoikataa, hata uongo wa taa ya mapambo. Alinisikiliza bila kupepesa.

«Harusi ya nani?» akauliza.

«Ya mwanangu. Nimeachiwa na mdogo wangu aliyefariki. Ikifika saa sita hatujafika komini, imevunjika.»

«Iko wapi huyo bi arusi? Mulete nimuone.»

Zaina akaingia. Wanja ulikuwa umechora mistari miwili kutoka machoni hadi kidevuni, poda imekuwa ramani. Bi Sakina akamtazama, akashtuka: «Nani amemuliza huyu mutoto?»

«Sikulia, Mama,» Zaina akasema. «Ni joto. Mama Mkubwa alizima kiyoyozi ili namba ishuke.»

Bi Sakina akafunga mdomo kwa mkono. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika, na wanawake waliokaa naye wakatazamana kwa hofu, kwa kuwa mfiwa wa siku ya tatu alikuwa anacheka, anacheka hadi anashika ubavu, na machozi yakaja mwishoni, lakini mwishoni kabisa. Kisha akalowesha kitambaa kwenye beseni, akamvuta Zaina akaanza kumfuta uso. Kutoka mlangoni nikasikia mama mmoja wa msafara wetu akinong'ona: «Astaghfirullah, mwenye eda anamugusa bi arusi, ni mkosi.» Zaina naye akasikia. Hakugeuza kichwa. Alifumba macho tu, akamwinulia Bi Sakina uso wake vizuri zaidi.

«Bwana yangu,» Bi Sakina akasema huku akifuta, «aliugua wiki mbili. Jumanne tukapata lita tano za esensi, nzuri, ya sitesheni, ili jirani atupeleke hospitali akirudi na gari yake. Alhamisi asubuhi mapema akaondoka yeye mwenyewe, hakungoja gari.» Akanyoosha kidole. «Bidoni iko chini ya kitanda. Chukua.»

«Siwezi, dada yangu.»

Akanitazama, kitambaa mkononi. «Leo umekataa esensi mara moja. Umeona ilikupeleka wapi?»

Niliinama nikaitoa. Nimepewa vitu vingi maishani, na gari lenyewe nilipewa. Hakuna nilichopewa kizito kama lita zile tano.

Nje, Mzee Bilali alikuwa amekwisha kukata chupa ya plastiki kuwa faneli ya kumiminia. Sikuhitaji kumwambia mafuta yametoka wapi. Alipomwona shehe akiitambua bidoni na kufuta macho, akavua kofia yake. Alinong'ona tu, «Lita tano zangu ziko kule nyuma, Mama. Hizi tusizichukue.» Nikamwambia tumepewa, na aliyetupa hataki zirudi. Akamimina zile kwanza, tone kwa tone, kisha zake. Wanaume wa khitma wakapandisha kanzu, wakaweka mabega kwenye riboni zetu, wakalichomoa gari kwenye mchanga. Mmoja alisukuma akiwa na kiatu kimoja tu, na nilipomwomba radhi kwa kile kingine alisema kilikuwa kinambana tangu sikukuu ya Idi.

Kabla hatujaondoka shehe alisema neno moja: «Fatiha.» Tukasimama wote uwanjani, wenye kanzu nyeupe na wenye nguo za kumetameta, madereva, akina mama wa basi, bi arusi mwenye uso safi usio na poda hata punje, tukamsomea mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Shangazi asiyesikia vizuri alimaliza nyuma ya wenzake, kwa sauti kubwa. Hakuna aliyecheka.

Tulifika komini saa tano na dakika hamsini na moja. Mpiga video alikuwa pale, amekwisha kuwaeleza watu kwamba bi arusi ametoroka. Idi alikuwa na rangi ya majivu. Na mbele ya ngazi, amesimama na fimbo yake, alikuwapo kizee.

«Mulikuwa wapi?»

Msafara mzima ukanitazama. Ningeweza kusema foleni, ningeweza kusema baryeri ya askari iliyofunga njia. Katika miaka ile uongo wa aina hiyo ulikubalika bila maswali. Nikasema: «Bibi, tulikuwa matangani. Niliingiza gari kwenye matanga ya watu kwa kiburi changu, na mfiwa ndiye aliyetupa esensi ya kufikia hapa. Kosa ni langu, si la mtoto.»

Ndani afisa wa ndoa alikohoa.

«Mulimusomea marehemu?»

«Tulimsomea, Bibi. Sote.»

«Na madereva?»

«Na madereva.»

Kizee akamkamata Zaina mkono, akamkagua uso wake mtupu kutoka shavu hadi shavu. «Basi mumepita kwenye baraka,» akasema. «Muingie haraka, huyu afisa ana njaa.»

Wakaoana. Saa sita kasoro dakika mbili saini ya mwisho iliwekwa.

Jioni, Mzee Bilali alinirudisha nyumbani (nilimpa usukani mwenyewe, bila kuombwa). Tulipofika mtelemko mdogo wa karibu na soko, akaliacha gari kwenye gia yake ya kawaida, moto unawaka, akaondoa mguu kwenye esensi tu. Akanionyesha kioo. Kiliandika 0.0.

«Gari hizi za sasa, Mama, zikiteremuka kwenye gia zinakata esensi zenyewe. Ukiweka gia huru, ndiyo zinakunywa ile mbili. Ukizima, zinakuua. Ziro yako ilikuwa inakungoja bure kabisa, ungemuacha mguu apumzike tu.»

«Ulijua hayo tangu asubuhi?»

«Mi ni fundi.»

«Na hukuniambia?»

«Mama Yasini,» akasema kwa unyenyekevu ambao sijamwona nao tena, «we ulikuwa unanisomesha.»

Tangu siku ile sizimi moto mtelemkoni, na gari langu linakunywa linachokunywa. Nimeapa pia jambo jingine, gumu kwangu kuliko hilo: mtu akinyoosha mkono kunipa kitu, nishukuru na kupokea kwanza, sababu za kukataa nizitafute baadaye. Hadi leo sijazipata.

Eda ya Bi Sakina iliisha Jumamosi tarehe 18 Januari 2003. Nilikuwa nikihesabu pamoja naye, kila wiki nikienda kukaa kando ya godoro lile. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwake, nimevaa vizuri kuliko nilivyovaa harusini. Alitoka, akasimama juani kidogo kama mtu aliyesahau jua liko upande gani, akapanda gari, kiti cha mbele. Nikamuuliza nimpeleke wapi kwanza, nikidhani atasema kaburini au kwa dada yake. Akasema, «Mutakura. Nataka kuona yule mutoto anaishi namna gani.»

Zaina alitupikia. Bi Sakina alikula sahani mbili, akakagua mapazia, akamkemea Idi kwa kuacha sindano kwenye kochi, akamwita kila mtu mwanangu. Tulipokuwa tunarudi aliweka mikono mapajani, kisha akaanza: «Mama Yasini, kama si kukusumbua, Jumapili ijayo unaweza...»

Nikamwambia ndiyo kabla hajamaliza.